Mungu Si Konda

Mkristo wa Chamazi, Mbagala, Tegeta au Bunju, hapa Dar es Salaam, anapoambiwa na mhubiri ajifunze kungoja, ana haki ya kuguna. Kungoja ndiyo kazi yake ya pili, na pengine anaifanya kwa saa nyingi kuliko ile ya kwanza. Alfajiri anangoja gari. Mchana anangoja fundi bomba aliyesema yuko njiani, huku nyuma ya simu ikisikika redio ya chumbani na mtu akiuliza kama chai iongezwe sukari. Jioni anangoja foleni iachie, na usiku umeme ukikatika tamthilia ikiwa imekolea, anangoja urudi. Gauni la Pasaka linatoka kwa fundi cherehani karibu na Pentekoste, nalo likifika linabana, kwa sababu mwenye gauni naye hakukaa bila kula muda wote huo. Kwa mazoezi ya namna hii mtu angetegemea pwani hii iwe na Wakristo wavumilivu kuliko wote duniani. Wapi! Mtu yuleyule aliyemvumilia fundi miezi mitatu akipiga magoti anampa Mungu mwisho Ijumaa.

Nadhani sababu ni kwamba jiji limetufundisha kungoja, ila limetufundisha vibaya, na mwalimu wetu mkuu ni konda wa daladala. Gari limesimama kituoni Rangi Tatu, injini inanguruma, dereva anasogea hatua mbili mbele kisha anarudi tatu nyuma. Konda anaapa kuwa wanaondoka sasa hivi, wamebaki wawili tu. Wawili wanaingia, na bado wamebaki wawili. Abiria anashika somo kwamba gari haliondoki saa ikifika, linaondoka likijaa, na Jumapili anaingia nalo kanisani. Ombi la ndoa, la ajira au la mtoto likikawia, anahitimisha kwamba kuna siti ziko wazi, kwa hiyo anajaza. Anafunga siku 3, halijaondoka. Anaongeza ziwe 21, anaweka mkesha, anapanda mbegu ya sadaka, ananunua chupa ya mafuta ya upako, na bado anaambiwa kuna nafasi nyuma kule, asogee. Januari kunatangazwa mwaka wa upenyo. Desemba upenyo unahamishiwa mwaka ujao bila maelezo, kama abiria wanaoshushwa wahamie gari la mbele. Nauli hairudishwi.

Mungu wa Biblia hana tabia hiyo, na ushahidi mzuri zaidi ni nyumba ya Abrahamu. Alikuwa na miaka 75 alipotoka Harani na ahadi mkononi, na Isaka alizaliwa baba akiwa na miaka 100. Katikati hapo, kwa shauri la Sara, walifanya kile ambacho abiria wa Mbagala anakifanya jioni Kariakoo: anadandia gari kabla halijafika mwisho wa safari, analipa nauli mbili, anageuza nalo ili asikose siti. Hagari akaletwa, Ishmaeli akazaliwa Abrahamu akiwa na miaka 86, siti ikapatikana, na ugomvi wa nyumba hiyo unajulikana. Lakini tazama ahadi yenyewe ilivyotimia. Haikungoja wazee wale wajaze kitu. Kila mwaka uliopita uliwapunguzia walichokuwa nacho, nguvu zikaisha, Sara akafikia mahali pa kucheka nyuma ya mlango wa hema aliposikia habari za mtoto. Gari la Isaka liliondoka tupu. Konda gani angekubali?

Atakayebisha kwanza atamtaja Sauli, na mtu yeyote aliyewahi kusimama kituoni hadi akakata tamaa, akachukua bodaboda, kisha akaliona gari lake likipita tupu kabla bodaboda haijawaka, lazima amwonee huruma mfalme yule. Aliambiwa amngoje Samweli siku 7 pale Gilgali. Wafilisti wamejipanga, askari wake wanatoroka mmoja mmoja, siku zimetimia na nabii haonekani. Sauli akatoa sadaka mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli huyo anaingia. Sasa mbishi anauliza: kosa la Sauli ni lipi, wakati aliyechelewa ni Samweli? Swali ni la haki, na sidhani linajibiwa kwa kusema angevumilia dakika tano zaidi. Jibu liko kwenye utetezi wake mwenyewe. Alieleza kwamba Wafilisti walikuwa wanakuja naye hajautafuta upendeleo wa Bwana, basi ikambidi atoe sadaka. Yaani kwake sadaka ilikuwa abiria wa mwisho anayekosekana. Angempata huyo, Mungu angewasha injini. Alijua kungoja siku 7, ila hakujua anamngoja nani.

Wengine watamleta mjane wa Luka sura ya 18, yule aliyemsumbua kadhi dhalimu hadi akapewa haki yake, na watasema: unaona, kung'ang'ania kunalipa. Ni kweli alikwenda na kurudi, na sipingi mtu kuomba jambo lilelile kila siku. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumuuliza Mungu mara nne mambo haya yataendelea hadi lini, na Martha alimwambia Yesu usoni kwamba angewahi, kaka yake asingekufa. Yesu alikuwa amepata habari za ugonjwa wa Lazaro akakaa siku 2 zaidi alipokuwa, na hatuoni Martha akikemewa kwa kulalamika. Ila yule mjane hakwenda kwa kadhi na bahasha. Alipeleka miguu yake na kesi yake. Na kadhi yule aliwekwa kwenye mfano ili tuone jinsi Mungu asivyofanana naye, jambo linalosahaulika haraka kwenye mikesha yenye vipaza sauti, ambako unaweza kudhani Mungu anaishi Kibaha na upepo unavuma kuelekea baharini.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwa wasioomba sana: kwamba subira ni dawa wanayonyweshwa maskini ili wasiulize. Hapo nawaunga mkono zaidi ya nusu. Kuchelewa kwa binadamu kuna ofisi, kuna meza na kuna saa za kazi. Ujenzi wa reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ulianza 2017 ukakusudiwa kumalizika 2019; abiria wakaanza kusafiri Juni 2024. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 upande wa Kimara, lakini njia ya zege ya kuelekea Mbagala ilikaa muda mrefu ikiwa imekauka vizuri, ikingoja mabasi, na bodaboda wakaifaidi. Hakuna andiko linalomtaka Mkristo ayaite hayo wakati wa Mungu. Anayeacha kufuatilia hati ya kiwanja chake kwa sababu eti wakati wa Mungu ndio bora anamtwika Mungu kazi ya karani. MC wa harusi naye yumo: kadi imeandikwa saa 12 jioni, maharusi wanaingia saa 4 usiku kwa sababu saluni kulikuwa na foleni, na yeye anashika kipaza sauti kutangaza kwamba Mungu hachelewi wala hawahi. Wageni wenye njaa wanaitikia amina kwa sauti ndogo sana.

Basi kungoja kwenyewe kukoje? Yeremia alilijibu hilo kwa barua, nayo imo katika sura ya 29 ya kitabu chake. Wayahudi walikuwa uhamishoni Babeli, na konda hakukosekana: nabii Hanania alitabiri kwamba ndani ya miaka 2 wanarudi nyumbani. Yeremia akawaandikia kuwa ni miaka 70, na wasikae kituoni na mabegi miguuni. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe na kuoza, wauombee amani mji walioko. Ukitaka kuiona barua hiyo ikitekelezwa, tembea Chamazi au Mabwepande. Mtu ananunua tofali anapopata, msingi unaota nyasi miaka miwili, ukuta unapanda, familia inahamia na dirisha limezibwa kwa bati, na juu nondo zimeachwa zikichungulia mbinguni kwa ajili ya ghorofa ambayo pengine itajengwa na wajukuu. Huku ndani watu wanaomba, wanapika, wanasomesha, na mchicha umeshaoteshwa uani. Neno moja tu Yeremia hakuliandika, nalo ni la namna ya kumngoja fundi aliyeondoka na hela ya lenta. Labda Babeli hawakuwa nao.