Sahihi Yangu Imekula Kwangu

Mzee mmoja mtaani kwetu alilipwa kazi yake ya mbao kwa hundi. Ina jina lake, ina sifuri za kutosha. Habari za benki hataki, anataka mabati leo leo. Akaenda nayo duka la vifaa vya ujenzi: nasaini nyuma, hundi inakuwa yako, nipe mabati yangu. Mwenye duka mjanja. Akaigeuza, akaigeuza tena. "Mzee wangu, wewe sikufahamu. Tafuta mtu ninayemfahamu asaini hapa chini yako." Macho yote yakahamia kwenye benchi la kahawa. Na nani kakaa kwenye benchi la kahawa? Ndugu yenu.

Bwana wee, nilijiona mtu. Mtaa mzima huu hakuna aliyewahi kuitaka sahihi yangu, ukiacha ile VICOBA ya mama watoto. Nikafuta mikono kwenye suruali. Nikaomba kalamu. Nikaiachia: herufi ya kwanza kubwa, mkia mpaka ukingoni, nukta mbili chini kwa mbwembwe. Mimi najua ni kama kusaini daftari la rambirambi. Unaandika jina, unakula wali, unaondoka.

Hundi ikarudi. Hewa tupu. Alfajiri kijana wa dukani yuko mlangoni, mimi nimejifunga taulo la mtoto lenye picha za bata, majirani wako bombani na ndoo. "Baba, bosi kasema ile hundi yako imerudi." Hundi yangu! Mimi nina hundi?

Mbio kwa mpwa wa mke wangu, yule wakili. Akaniangalia kwa huruma. "Anko, imekula kwako." Eti sheria iko hivi: ukisaini nyuma ya hundi, umeahidi kwamba benki isipolipa, utalipa wewe. Yule mzee aliyeihamisha yumo. Na mtu baki aliyejipachika pale, hata kama hakuambulia hata msumari, naye yumo. Nikaona nimepata upenyo: si wanatakiwa kunitaarifu rasmi kwamba imerudi? Akacheka. Ni kweli wanatakiwa, na kwa mdomo inatosha. Kumbe yule kijana wa alfajiri alikuwa anatekeleza sheria, na mimi na bata zangu tumeshapokea taarifa. Halafu eti kuna maneno ya kuandika pembeni ya sahihi ili wasije wakakurudia. Nani anayajua hayo kwenye benchi la kahawa?

Sasa sahihi hiyohiyo nzito nikiitaka mwenyewe, haina uzito. Shemeji alishikwa kwa mambo ya pikipiki, nikaenda kumwekea dhamana. Wakataka kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wetu ni yuleyule ninayekunywa naye kahawa, na soda zangu kadhaa hajazilipa. Siku hiyo kavaa miwani. "Kijana, unaishi kwa nani?" Kijana! Mimi mwenye mvi mpaka puani. Akataka mjumbe wa nyumba kumi aje kusema kwamba mimi ni mimi. Mjumbe akaja, akanizunguka, akatoa ushahidi wake: "Huwa namwona." Ndipo muhuri ukatoka kwenye mfuko wa nailoni. Wino umekauka. Mwenyekiti akauhemea, haaah, akaugonga. Ikatoka nusu duara. Kule nilikoipeleka wakanirudisha, eti muhuri hausomeki.

Na wakati mimi nahangaikia muhuri, Uingereza naambiwa wanakupa alama bila hata kuomba. Ukikimbiza gari, leseni inatiwa pointi tatu mpaka sita, zinakaa humo miaka minne. Zikifika 12 ndani ya miaka mitatu, usukani unausikia kwa wenzako.

Ila kwa mambo ya jina, aliyenimaliza kabisa ni George Foreman. Yule bondia aliyelazwa chini na Muhammad Ali kule Kinshasa mwaka 1974, raundi ya nane, dunia nzima inaangalia. Miaka ya tisini jina lake likawekwa kwenye jiko dogo la umeme la kubania nyama. Mwaka 1999 wenye jiko wakakubali kumlipa yeye na washirika wake dola milioni 137.5 ili waendelee kulitumia hilo jina. Jina tu, jamani! Mtu kapigwa na bado jina lake lina hela. Mimi sijapigwa na mtu, jina langu limeniletea deni la mabati.

Udhamini mtamu ni wa siasa. Hapa Tanzania anayetaka urais anatafuta wapiga kura 200 wa kumdhamini katika kila mkoa, mikoa isiyopungua kumi, miwili iwe ya Zanzibar. Mbunge anatafuta 25. Unasaini, unatoa namba ya kadi, basi. Akishindwa, hakuna kijana wa kuja kukugongea alfajiri. Mara ya mwisho walipopita na fomu nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Wakaikagua kadi yangu, wakairudisha: nimejiandikisha kwingine, nilikohama kitambo. Wakamchukua mwenye duka.

Nimeshahamisha taarifa zangu. Kama kuna mgombea wa huku anayesoma hapa na idadi haijatimia, nipo. Kalamu aje nayo yeye, na karatasi anionyeshe mbele na nyuma.