Onyesha Njia

Sisi tuliosoma enzi za fimbo tunajua: kubahatisha jibu la hesabu kulikuwa kosa la kuchapwa. "Onyesha njia!" Leo mpwa wangu wa kidato cha tano ananiletea x³ − 6x² + 11x − 6 = 0. Namuuliza njia, ananijibu bila haya: "Mjomba, unaanza kwa kubahatisha."

Nikadhani ananitania. Kumbe ndivyo walivyofundishwa. Unachukua ile 6 ya mwisho, unaandika vigawo vyake, 1, 2, 3 na 6, pamoja na hasi zake, kisha unavipachika kwenye x kimoja kimoja kama mwizi anayejaribu funguo kwenye kufuli la jirani. Moja ikaleta sifuri. Gawanya kwa (x − 1), unabaki na x² − 5x + 6, na hiyo hata mimi naiweza: 2 na 3. Kwisha, alama zote, na fimbo hakuna.

Kinachoniudhi zaidi ni ujanja wa watunga vitabu. Maswali yao hutoka safi kila mara. Nikabadilisha ile 6 ya mwisho iwe 5, tuone. Moja ikakataa, 5 ikakataa, hasi zake nazo zikakataa. Jibu halisi ni moja tu, karibu 0.675, mengine mawili ni namba changamano. Swali la namna hiyo haliwekwi kwenye mazoezi, maana litamuumbua mwenye kitabu.

"Lakini Mjomba, kanuni ipo." Ipo, na imejaa fitina. Tartaglia wa Italia aliificha, hadi mwaka 1539 alipompa Cardano kwa shairi, baada ya kumwapisha asiitoe. Mwaka 1545 Cardano akaichapisha, eti kagundua del Ferro wa Bologna aliijua mapema zaidi. Viapo vya wanahesabu hivyo! Na kanuni yenyewe ina kisirani. Mwanahesabu Bombelli aliijaribu kwa x³ = 15x + 4, ambayo 4 inaitosheleza waziwazi; ikampitisha kwanza kwenye kipeuo cha pili cha hasi 121.

Juzi kaja na mlinganyo wa kipeo cha tano. Safari hii nilikuwa tayari: Abel, kijana wa Norway, alithibitisha mwaka 1824 kwamba hakuna kanuni ya vipeuo inayofungua milinganyo yote ya aina hiyo. Nikamwamuru afunge daftari, tumheshimu marehemu.

Kaniambia msahihishaji wa mtihani si Abel.