Barua ya Wazi kwa Tume ya Uchaguzi: Tutangazieni Bei ya Kura

Mheshimiwa Mwenyekiti na Makamishna wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ya Kenya,

Karibuni tena kazini. Tangu Januari 2023 hadi Julai 2025 tume haikuwa na mwenyekiti, lakini msiwe na wasiwasi, biashara ya kura haikulala hata siku moja. Sasa Agosti 10, 2027 inabisha hodi na soko limeanza kuchangamka. Mkutano ukiisha na Mheshimiwa akishaingia garini, watu hawaendi nyumbani. Wanazunguka nyuma ya jukwaa, penye kivuli, ambako kijana mwenye daftari anasoma majina huku mwenzake akichomoa noti za mia mbili kutoka kwenye bahasha ya kaki. Akina mama wanapewa leso zenye noti iliyokunjwa ndani. Kundi la watu watano hukabidhiwa elfu moja nzima, mmoja wao akatumwa kutafuta chenji, na huo ndio mwisho wa kumwona.

Rushwa yenyewe tumeizoea. Kinachochoma ni bei. Muhula wa mbunge una siku 1,826. Gawanyeni shilingi 200 humo mpate kama senti 11 kwa siku, pesa ambayo hata sarafu yake haiko mifukoni mwa watu. Kwa senti hizo mnunuzi anajipatia mshahara unaozidi shilingi 700,000 kila mwezi, marupurupu mbali, mlinzi mbali, na juu yake haki ya kunitungia sheria.

Kwa hivyo, kwa unyenyekevu mkubwa, naomba tume itangaze bei rasmi. Kila tarehe 14 mamlaka ya kawi hututangazia bei ya petroli, Mombasa yake na Mandera yake. Kura nayo ipangiwe hivyo: ipande pale penye ushindani, ishuke kidogo kwenye ngome za vyama, maana huko mnunuzi hugharimika kwenye mchujo tu. Kila muuzaji apewe risiti ya kielektroniki yenye PIN ya mgombea, na VAT ya asilimia 16 iongezwe juu, tupate walau siku moja ya kumwona mwanasiasa akilipa kodi huku akitabasamu. Asiyeweza kulipa kwa mkupuo auziwe kwa mkopo, awe analipa kila siku kabla ya saa sita usiku. Akichelewa, afungwe kama simu ya mkopo: maikrofoni yake bungeni izimike, king'ora cha gari lake kinyamaze, na msaidizi wake amwite kwa jina la kuzaliwa hadi deni liishe. Akishalipa, afunguliwe taratibu, king'ora kikiwa cha mwisho. Waranti ya miaka miwili nayo itafaa, mbunge akiharibika tumrudishe. Najua Katiba, kifungu cha 104, ilishatupa haki ya kumrudisha mbunge nyumbani kabla ya muhula kuisha, ila masharti yake waliyaandika wabunge wenyewe, na tangu 2010 hajarudishwa hata mmoja. Afadhali waranti.

Mtanijibu kwamba kununua kura ni kosa. Naam, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inasema faini ya hadi shilingi milioni 2, au kifungo cha hadi miaka 6, au vyote viwili, na haibagui kati ya mtoaji na mpokeaji. Mtasema pia kwamba kukamata watu ni kazi ya polisi. Polisi gani? Hao wanaolinda jukwaa wakati noti zinagawanywa nyuma yake? Nanyi mna kanuni za maadili zinazowaruhusu kumtoza mgombea faini, hata kumzuia asifanye kampeni. Mnaona kila kitu, mnanyamaza, halafu mnatutumia matangazo ya redio kutuonya sisi, tuliolala njaa, tusiuze kura zetu. Mkosaji ni mama aliyepokea pakiti ya unga! Mwenye lori la unga anaitwa Mheshimiwa na kupewa kiti cha mbele. Hamna haya.

Mniwie radhi. Tuendelee kwa heshima.

Wapo wajanja wanaosema dawa ni rahisi: kuleni pesa zao, kisha mpige kura mnavyotaka, kwani kura ni siri. Ushauri mtamu, ila pesa zenyewe si zao. Mwaka 1992 noti ya mia tano ilimwagwa kwenye kampeni mpaka wananchi wakaibatiza Jirongo, kwa jina la kinara wa Vijana wa KANU '92. Mwaka uliofuata mfumko wa bei ulikaribia asilimia 46. Kila aliyekula Jirongo aliirudisha dukani kidogo kidogo, kwenye sukari na mafuta ya taa, na asiyeionja hata harufu akalipa vilevile. Ikiwa ni lazima tununuliwe kwa fedha zetu wenyewe, basi tununuliwe ghali.

Wala msiogope Bunge. Mwaka 2021 mlijaribu kuwawekea wagombea kikomo cha matumizi ya kampeni, wakakitupilia mbali. Lakini walichokataa ni kiwango cha juu. Kima cha chini hakuna aliyewahi kukipinga.

Maombi mengine ni madogo. Anayekula mahindi ya kuchoma mbele ya kamera ayale pia mwaka wa tatu. Helikopta ikitimulia vumbi nguo zilizoanikwa, rubani afue. Daraja lililozinduliwa mara mbili lihesabiwe kuwa madaraja mawili tunayodai.

Utaratibu huu mnaweza kuujaribu kwenye uchaguzi mdogo wowote utakaotokea kabla ya 2027. Mkiitangaza bei, semeni bayana kwamba pesa zitumwe kwa simu, siku hiyohiyo, na ziwe na ada ya kutolea.

Wenu mtiifu,
Mpiga kura