Farasi 150 Njia ya Katana

Kuna ugonjwa unaowapata motari wa Bukavu mara tu wanapomaliza deni la pikipiki ya kwanza, na dalili zake zinajulikana. Mtu aliyekuwa akiisifu Boxer yake mbele ya mtaa mzima wa Nyawera anaanza kuiita "hii kitu". Anaacha kuipangusa asubuhi. Jioni anajikunja na simu, akitazama pikipiki za mbio zenye kioo mbele na mlio wa ndege inayotaka kuruka, na ukimuuliza anatafuta nini atakujibu: yenye nguvu. Hamu ya kupanda ngazi si dhambi, na mwenye fedha zake hapangiwi. Ila nina hoja moja, nami nitaishikilia hata nikibaki peke yangu: kwa mtu anayeishi kati ya Bukavu na Katana, kila farasi anayeongezwa kwenye injini anamchelewesha kufika. Wengi watakubali upesi kwamba hamsaidii. Mimi nadai zaidi ya hapo, kwamba anamchelewesha, na ushahidi ninao.

Tuchukue mfano ulio mkali kabisa ili kesi isikike vizuri. Suzuki wana pikipiki ya mbio iitwayo Katana, jina lililotokana na upanga wa Kijapani. Haina undugu wowote na Katana yetu ya Kabare, ingawa kijana wa huku anayeamini kwamba ilitengenezwa kwa ajili yake anastahili kusamehewa. Mara ya kwanza ilionyeshwa Cologne, Ujerumani, mwaka 1980, na sura yake ikawagawa watu: wengine waliduwaa, wengine wakacheka. Mwaka 2019 ilirudi ikiwa mpya: injini ya sisi 999, nguvu ya farasi 150, uzito wa kilo 215, na bei ambayo kule Marekani ilizidi dola 13,000. Boxer ya sisi 150 ina farasi kama 12. Kwa hiyo kwenye karatasi mwenye Katana amekalia Boxer 12 na chenji inabaki. Lakini karatasi hiyo iliandikwa usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na barabara yetu iko juu zaidi ya ziwa. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 14 au 15, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyohiyo, maana nayo inaishi kwa kupumua. Farasi 20 na zaidi wameshakufa kabla hujazungusha ufunguo. Boxer nayo inapoteza farasi wake wawili, sikatai, lakini wawili ni msiba wa nyumbani unaozikwa kimya kimya. Anayepoteza 20 amezika Boxer moja na nusu, na alikuwa amezilipia.

Haya, hao karibu 130 waliosalia tuwapeleke barabarani. Kutoka Bukavu hadi Katana kwa barabara ya kitaifa namba 2 ni karibu kilometa 50, kupitia Mudaka, Miti na Kavumu. Mtu anaimaliza kwa zaidi ya saa moja, na siku ya mvua ni adabu kutomuuliza. Ukipiga hesabu utaona kwamba mwendo wa wastani unachezea kilometa 30 au 40 kwa saa. Suzuki Katana kwenye gia ya kwanza peke yake inaweza kupita kilometa 100 kwa saa. Ina gia sita. Maana yake ni kwamba tano ni za urembo, zimelipiwa ushuru na kusafirishwa kutoka Japani ili zije kupumzika Kabare. Wala hata hiyo ya kwanza hutaimaliza. Utakuwa umeshika klachi kwa vidole vinavyotetemeka, unaivutavuta injini iliyoundwa kukimbia iende mwendo wa ng'ombe anayetoka malishoni, na kwa kuwa upepo haupiti, joto lote la rejeta linapanda kwenye mapaja yako. Watafiti wa Lwiro, jirani zetu, wamezoea kupima matetemeko ya ardhi kwa vyombo vyao vya kitaalamu. Dereva wa pikipiki hiyo, yenye sakafu ya injini iliyo sentimita 14 tu juu ya ardhi, angeweza kuwapelekea matokeo ya kila siku bila chombo chochote.

Wapo watakaosema: lakini kuna vipande vilivyonyooka, na hapo ndipo nguvu inalipa. Tuseme ukweli, vipo. Tukadirie kwa ukarimu kwamba jumla yake ni kilometa tano. Boxer kwa kilometa 60 kwa saa itavimaliza kwa dakika tano. Suzuki kwa 120, kama Mungu na mbuzi wa watu watakubali, itatumia dakika mbili na nusu. Umeokoa dakika mbili na nusu. Sasa fika kwenye kizuizi cha kwanza. Aliye kwenye Boxer anapunguza mwendo, anasalimia, anapita, kwa sababu kila mtu anajua hana kitu. Wewe uliye juu ya dola 13,000 unaambiwa usogee pembeni. Askari wa rulaje, yaani wa barabarani, anaizunguka pikipiki mara mbili, kwanza kwa mapenzi, kisha kwa kazi. Anataka karatasi ya kwanza, ya pili, na ile ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Hatimaye anakumbuka kwamba leo hajanywa kahawa. "Mkubwa, unatufikiriaje?" Kahawa yenyewe huwa inalingana na ukubwa wa injini. Dakika zako mbili na nusu zimekwisha hapo, pamoja na nyingine 20 ulizokopa kwa kesho. Mahali pekee ninapopafahamu njia hii ambapo pikipiki kama hiyo ingenyoosha miguu ni kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu, ambao una njia ya lami ya karibu kilometa mbili. Katika miaka hii ya vita, anayetaka kwenda kuomba ruhusa hapo aende kwanza akaage nyumbani.

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye mwendo. Iko kwenye kiti. Huku kwetu watu wanaposema pikipiki ina nguvu wanamaanisha inabeba, na ndiyo maana Boxer na TVS zina kiti kirefu kilicholala na chuma cha mizigo nyuma. Hapo panakaa gunia la makala, beseni la sambaza, bidoni la kasiksi, godoro lililokunjwa, na mbuzi ambaye hakuulizwa. Suzuki waliipa Katana yao mkia mfupi ulioinuliwa juu, mfupi kiasi kwamba kibao cha namba kilikosa pa kukaa kikaenda kufungwa chini karibu na tairi la nyuma. Ikiwa namba ya pikipiki yenyewe haikupata nafasi, gunia la makala litaomba nafasi kwa nani? Abiria anatengewa kipande cha sponji kinachomwinamisha mbele, hivyo kila ukishika breki anakuja mzima mzima mgongoni mwako. Sasa fikiria abiria huyo ni mama mkwe, amevaa kitenge, kapu mkononi, na mnatoka Bukavu kwenda Katana kwa barabara hii yenye mashimo yake yote. Heshima iliyojengwa kwa mahari na kwa kuinamisha macho itabomoka kabla ya Mudaka.

Na ikiharibika? Boxer ikianguka, motari analishikilia tairi la mbele kwa magoti, ananyoosha usukani, anapiga teke moja na safari inaendelea. Spea zake zinauzwa kwenye vibanda, na kila fundi amewahi kuifungua usiku kwa taa ya simu. Kilo 215 zikilala kwenye matope mekundu zinahitaji mkutano wa kijiji ili ziinuke, na kila anayekuja kusaidia anakuja na maoni. Tairi la nyuma lina upana wa milimita 190 na halina tyubu, basi kwado, fundi wa matairi, anayelitazama kwanza anavua kofia. Petroli utainunua kwa kadafi, muuzaji wa kando ya barabara, kwenye chupa, nayo imeshasafiri na kukutana na mengi. Kabureta ya zamani iliyameza hayo yote bila kunung'unika, lakini injekta za kisasa zina tumbo la mtoto wa daktari. Tangi ni la lita 12 tu, na injini ya namna hii inakunywa lita tano na ushee kwa kilometa 100 hata ikiendeshwa kwa upole. Kwa hiyo wewe na kadafi mtafahamiana sana.

Kuna pingamizi lenye uzito ambalo silipiti kwa mzaha: usalama. Pikipiki kubwa ina breki bora, ina mfumo unaozuia tairi kukwama ukishika breki ghafla, na kompyuta inayozuia tairi la nyuma kuteleza. Kwenye lami iliyolowa, vitu hivyo vinaokoa maisha, na natamani Boxer ingekuwa navyo. Kwenye kokoto na udongo uliolegea mambo hugeuka, kwani mfumo huohuo unaweza kurefusha umbali wa kusimama, na kompyuta inayoona tairi likiteleza kila sekunde itaendelea kukata nguvu mpaka ubaki na farasi wachache kuliko uliowaacha nyumbani. Kuhusu vilima, anayelalamika kwamba pikipiki yake haipandi vizuri na mzigo ana dawa ya bei ndogo: sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi. Atapoteza mwendo wa juu, ambao hata hivyo hakuwa na pa kuutumia.

Lingine ni la wagonjwa. Watu husema, siku ya dharura, yenye mbio ndiyo itamfikisha mtu hospitali ya FOMULAC pale Katana. Hapa kicheko kinakoma kidogo, maana wengi wamefika FOMULAC kwa pikipiki na wakapona. Lakini tazama wanavyofika: dereva mbele, mgonjwa katikati, ndugu nyuma akimshikilia asidondoke. Wanaokoa maisha kwa urefu wa kiti. Kwenye ule mkia mfupi mgonjwa angelazimika kujishikilia mwenyewe, na anayeweza kujishikilia mwenyewe njia hii yote labda alikuwa anatafuta ruhusa ya kutokwenda kazini.

Linabaki pingamizi la mwisho, ambalo kwa kweli ndilo la kwanza, ila wenyewe hulificha chini ya mengine: sura. Mtu anataka apite pale Kavumu sokoni watu wageuke, aende harusini bwana harusi asahaulike, na watoto wa Katana waikimbilie wakipiga kelele. Hili sina jibu lake. Watageuka kweli, na barabara ikikubana kwenye kilometa 20 kwa saa, kila mmoja atapata muda wa kusoma maandishi yote ya kwenye tangi, kuuliza bei, kutoamini, na kuuliza tena. Naomba tu anayeinunua kwa sababu hiyo aangalie gharama zake vizuri. Kwa kazi ya kutazamwa injini haihitajiki hata kidogo. Anunue ile ambayo injini yake imekufa, atapunguziwa sana, kisha atafute vijana wanne wa kuisukuma. Katana wapo, wana nguvu, na bei ya siku inazungumzika.