Naomba Kibali cha Mbwa Aitwaye Simba

Katibu Mkuu,
Wizara ya Maliasili na Utalii,
Mji wa Serikali Mtumba, Dodoma.

YAH: MBWA WANGU

Ndugu Katibu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkazi wa Kirumba, Mwanza, jirani na Mwaloni. Ninafuga koko mmoja wa rangi ya udongo, sikio lake la kushoto liling'atwa katika vita vya mapanki. Anaitwa Simba, kama wanavyoitwa mbwa wengi huku Kanda ya Ziwa. Nimesikia anahatarisha rasilimali ya taifa, nikaona nijisalimishe kabla hamjanifuata.

Jumamosi anahamia Lamadi kwa mjomba, akalinde mbuzi. Kutoka uani kwa mjomba hadi geti la Ndabaka ni mwendo wa baiskeli. Serengeti haina uzio, ina bikoni, na Simba wangu hajui kusoma.

Bila shaka mafaili yenu yanaukumbuka mwaka 1994. Simba wa Serengeti walianza kutetemeka kwa degedege mbele ya watalii, na ugonjwa ulipopita, theluthi moja yao, kama 1,000 kati ya 3,000, walikuwa wamekufa. Haikuwa risasi ya jangili wala sumu ya mfugaji. Ilikuwa distempa, kirusi cha mbwa, na waliotuhumiwa kukileta ni mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mnyama mzima, yule tunayemshangilia na jezi nyekundu pale CCM Kirumba, kaangushwa na makoko! Baadaye wataalamu walieleza kwamba ukame wa 1993 uliwadhoofisha nyati, kupe wakawajaa, na simba waliowala nyati hao wakaugua maradhi ya kupe juu ya yale ya mbwa. Kwa hiyo mbwa wetu walikuwa na washirika. Naomba hilo lizingatiwe wakati wa hukumu.

Kibali chenyewe nimekihangaikia. Ofisi ya kwanza iliniambia mbwa ni mifugo. Ya pili ikasema simba ni maliasili. Ya tatu ilikiri kwamba chanjo ya kichaa huja bajeti ikiruhusu, ila distempa ni ugonjwa wa mbwa wa Wazungu. Kumbe kirusi hakijapangiwa wizara! Ndiyo maana kinavuka barabara ya Mwanza–Musoma usiku bila kulipa kiingilio.

Kwa upande wa ardhi, hongereni. Hifadhi ya mwaka 1951 ina kilomita za mraba 14,763, na bado Serikali ikaamua kuitwaa kata ya Nyatwali, kule Bunda, wanyama wapate kufika Ghuba ya Speke kunywa maji. Ardhi haina usumbufu: inapimwa, inathaminiwa, mwenyewe anafungasha. Ila makazi ya simba yanaanzia puani mwa mbwa wa mjomba wangu, na huko hamjawahi kutuma mpima.

Nisiwe mchoyo wa fadhila, chanjo huwa zinakuja. Kwa miaka mingi mbwa wa vijiji vya kando ya hifadhi wamechanjwa kwa msaada wa bustani ya wanyama ya Lincoln Park, iliyoko Chicago. Niliwahi kuishuhudia foleni yake: watoto wanavuta mbwa kwa kamba za katani na vipande vya neti, mmoja kambeba wake mgongoni kama mdogo wake. Mwandishi wa kadi aliandika Simba, Simba, Simba, hadi akauliza kama yuko kijijini au ameshaingia hifadhini. Na nchi yenye simba wengi kuliko zote duniani ikashukuru, ikasubiri mchango mwingine wa Chicago.

Najua hoja yenu: utafiti wa baadaye umeonyesha kirusi kinaendelea kuzunguka hata mbwa wakichanjwa, kwa kuwa wanyama wengine nao wanakibeba. Nawasihi, Hazina wasiisikie.

Ombi langu ni dogo. Ama Simba achanjwe, kadi yake ipigwe mihuri ya wizara zote mbili, ama mumtangaze nyara ya Serikali, mje mumchukue na bakuli lake.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwenye mbwa, Kirumba.

Nakala: Wizara ya Mifugo na Uvuvi.

N.B. Mjomba amepiga simu: nauli ya mbwa imeshalipwa. Chanjo bado.