Mgeni, Bustani na Jiwe la Kamba Nyeusi

Hoteli ya kifahari yenye bustani ya Kijapani ni mahali ambapo kila kitu kimepangwa isipokuwa mgeni mwenyewe, na hapo ndipo vituko vyote huanzia. Mfano mzuri ni Hotel New Otani ya Tokyo, iliyofunguliwa mwaka 1964 kwa ajili ya wageni wa Michezo ya Olimpiki, ambayo bustani yake yenye umri wa takribani miaka 400 ilikuwa sehemu ya makazi ya Kato Kiyomasa, mmoja wa daimyo, yaani watawala wa majimbo waliokuwa na majeshi yao wenyewe.

Njia za bustani za aina hii hutandikwa tobi-ishi, mawe bapa yanayopachikwa kwa kuachanaachana, makusudi ili anayepita apunguze mwendo na kutazama anapokanyaga. Hivyo mgeni anayetembea huku simu kaiinua usawa wa uso huadhibiwa papo hapo, kiatu kimoja kikachota maji, na hana pa kukata rufaa. Linalotatanisha zaidi ni sekimori-ishi, jiwe la ukubwa wa ngumi lililofungwa kamba nyeusi kwa ustadi na kuwekwa juu ya jiwe la njia, kuashiria kwamba hapo hapapitwi. Kwa kuwa hakuna bango, mnyororo wala askari, jicho lisilozoea huona kifurushi kilichosahauliwa, na mgeni muungwana hukibeba hadi mapokezi ili mwenyewe atafutwe. Mhudumu hukipokea kwa mikono miwili, huinama, hushukuru, wala uso wake hausemi kwamba amekabidhiwa lango.

Kuna pia shishi-odoshi, bomba la mwanzi linalojaa maji, likainama kuyamwaga, kisha likarudi na kugonga jiwe; wakulima walilitumia kutishia paa na nguruwe mwitu, ila kwa Mswahili aliyejipumzisha kando ya bwawa sauti hiyo ni ya mtu mwenye adabu aliye mlangoni, naye huitikia “Karibu!” mara kadhaa kabla ya kushangaa kwa nini haingii mtu.

Ndani, mambo si mepesi zaidi. Ili vyumba zaidi ya 1,000 vya New Otani viwahi Olimpiki, kampuni ya TOTO ilibuni bafu linaloundwa kiwandani na kuunganishwa tu jengoni, na mwaka 1980 kampuni hiyohiyo ikatoa Washlet, kiti cha choo kinachomchambisha mtu kwa maji ya uvuguvugu. Mtu wa pwani, aliyekulia na kopo la kuchambia, huupokea uvumbuzi huu kwa tabasamu la aliyekuwa akisema siku zote. Kasoro ni kwamba kitufe kikibonyezwa, kiti hurusha maji mradi tu kimetambua kimekaliwa, na mgeni mdadisi, akikiegemea kwa kiganja huku akijaribu vitufe, huweza kuhesabiwa kuwa amekaa.

Nguo zikishalowa, kilichobaki ni yukata, vazi jepesi la pamba linalowekwa kitandani, ambalo upande wake wa kushoto sharti ulale juu ya wa kulia, kwa kuwa kinyume chake ndivyo anavyovikwa maiti. Mgeni asiyelijua hilo hushuka kutafuta kifungua kinywa akiwa, kwa kanuni za mavazi, ameshafariki. Naye hurudishwa chumbani kwa upole mwingi, si kwa sababu ya msiba, bali kwa kuwa hoteli nyingi za hadhi hiyo haziruhusu vazi la kulalia mkahawani.