Kivuli cha Minneapolis

Shangazi, shikamoo. Salamu kwa wote hapo Lushoto, hata kwa yule binamu aliyeapa kwamba Marekani hakuna jembe. Mwambieni lipo, na mpini wake umenitoa malengelenge.

Ama baada ya salamu, mimi mzima, ila ni Julai na jua la huku Minneapolis halijui kulala. Saa tatu usiku ndiyo kwanza linazama. Watoto wa jirani bado wanacheza mpira, na mimi nimeinama nafukia mbegu za spinachi kama mwizi anayeficha mali.

Mwenye nyumba alitugawia vipande vya ardhi nyuma ya jengo. Wapangaji wakagombania upande wa jua, nikaachiwa mimi kipande cha ukutani, chini ya mti mkubwa. Jua hupita asubuhi, likasalimia, likaenda zake. Mzee wa mlango wa pili akanipa pole. Mwacheni! Nyanya na maboga ndiyo yanayotaka jua la kutwa. Mboga za majani huridhika na saa tatu au nne. Tena kwa joto hili la nyuzi 30 na ushee, kivuli ndiyo mali. Saladi ina maringo: udongo ukizidi nyuzi 27 hivi, mbegu hugoma kuota. Spinachi nayo, kwa siku ndefu hizi, hukimbilia kutoa maua kabla hujachuma jani la maana. Kwa hiyo nalowesha mfereji kwanza, nasia, nafunika kwa ubao. Zikichomoza tu, ubao unaondoka.

Kinachonikondesha ni hesabu. Hapo kwenu mtu hupanda akiamka vizuri. Huku mwenye kalenda ni sakitu, nayo kwa kawaida hubisha hodi Oktoba. Basi unahesabu kurudi nyuma: figili siku 30, saladi 50, sukuma wiki 60. Kisha unaongeza wiki mbili, maana kuanzia Agosti siku hufupika upesi na mboga huanza uvivu. Ukizembea, unavuna barafu. Sukuma wiki pekee ndiyo inayofaidi mateso: ikipigwa na baridi hujaza sukari majanini ili isigande, ikazidi utamu. Mimi baridi ile hunizidishia ukali tu.

Mzee wa pole siku hizi haishi kuchungulia kivulini kwangu. Saladi yake imeshakuwa ndefu kama mlingoti na chungu kama mwarobaini, sasa anauliza kama tunaweza kubadilishana vipande. Nimemwambia nitafikiria. Sifikirii.

Shangazi, mbegu za mchicha msitume. Forodha ya huku haitaki mbegu zisizo na cheti cha afya ya mimea, na mchicha wenyewe ni mtoto wa jua, nitaupanda wapi? Ila akipatikana mtu wa kuja huku, mpeni kanga mbili kuukuu nitande juu ya matuta mchana. Ziwe kuukuu kweli. Mkileta mpya, mke wangu atazivaa.